Kisigino Alipomsubiri Unyoya

Jumatatu, 4 Machi
Daftari hili kanipa binti yangu. Kasema, "Mama, wasiwasi wako uandike humu, usinimwagie mimi wote." Sawa. Shule niliishia darasa la nne, lakini kuandika najua, na wasiwasi sikosi. Mvua zimeanza leo. Kazini mashuka hayakukauka.

Jumatano, 6 Machi
Wasiwasi wa kwanza ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Alikuja kutusalimia wiki moja, huu ni mwaka wa tatu anasalimia. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki mbili barabarani, siku mbili nyumbani, kwa hiyo wa kumtazama huyu mdogo wake ni mimi. Mtu ana miaka thelathini na minne, na jioni anajipanga kwenye kochi na mwanangu huyo wa daftari kutazama katuni.

Katuni yenyewe ni ya kitoto kimoja kinaitwa Kisigino. Kina visigino vikubwa kama viazi, na kazi yake ni kukimbia mashindano. Wameshatazama misimu mitatu. Leo nilikuwa jikoni nikawasikia wanabishana saa nzima kama amekua au amedumaa. Nikadhani wanamsema mtoto wa jirani, nikaja na kijiko mkononi kuuliza anaumwa nini.

"Shemeji," akaniambia, sauti ya mtu wa redioni, "Kisigino ameshinda misimu mitatu, lakini ushindi wake wa mwisho una walakini."

Nikamjibu, "Hata wewe shemeji umeshinda hapa misimu mitatu. Kwenye kochi."

Mwanangu alicheka mpaka akapaliwa. Nikaogopa, nikampiga mgongoni, nikamnywesha maji.

Jumamosi, 9 Machi
Mvua. Mwalimu wa michezo shuleni kwa mwanangu, tunayemwita Filimbi kwa sababu hata akitaka chumvi mezani nadhani hupuliza, ametangaza jambo. Shule ya bweni ya wanamichezo itachukua msichana mmoja kutoka shuleni kwao, mkimbiaji wa mita mia nne. Mmoja tu. Majaribio ni tarehe 23, fainali tarehe 30. Wanaotajwa ni wawili, mwanangu na Njiti.

Njiti ni mtoto wa mwenzangu wa mashuka. Tunafanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika ncha mbilimbili, mnavuta likanyooka, mnaendeana, unampa zako, unainama kuokota mkunjo, mnavuta tena. Mimi na yeye ni miaka tisa. Wanawake wengine hapo wamebadilisha waume, sisi hatujabadilishana.

Mtoto wake ana miguu kama njiti za kiberiti, hata soksi hazimkai. Mwanangu ana mapaja. Sisemi kwa ubaya, nasema nilichoona. Namhurumia mama yake, maana kamtundikia yule mtoto matumaini ambayo miguu ile haiwezi kuyabeba.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji alipotoka nilitazama hiyo katuni, vipande viwili. Ni upuuzi.

Jumatano, 13 Machi
Nimetazama vipande sita. Bado ni upuuzi. Mvua.

Jumapili, 17 Machi
Nimeimaliza misimu yote. Sikutaka, lakini siwezi kuishi nyumba moja na mtu anayejidai mchambuzi halafu mimi sina la kumjibu.

Msimu wa kwanza Kisigino ni mtoto asiyelelewa. Akishindwa anauma fulana, anapiga ndoo teke, hampi mkono aliyemshinda. Ningekuwa mama yake ningemvuta sikio. Msimu wa pili anashinda kila mbio na anatembea kama jogoo aliyemeza saa. Msimu wa tatu, mbio za mwisho, yuko mbele peke yake, utepe uko hatua moja, anasimama. Anageuka. Anamsubiri rafiki yake Unyoya anayekuja nyuma anahema, wanakata utepe pamoja. Hapo nililia. Mwanangu aliponikuta nikasema ni vitunguu, na vitunguu ndani ya nyumba havikuwapo.

Jioni nikaketi nao, nikamwambia shemeji, "Kisigino amekua. Mwenye macho kaona."

"Amekua nini?"

"Moyo. Zamani alijiona yeye tu. Sasa anajua kuna wenzake."

"Shemeji, msimu wa kwanza alikuwa mshindani. Msimu wa tatu ni mgeni rasmi. Amebakiza kukata utepe na kutoa nasaha."

"Wewe ambaye hushindani na mtu hata kwa kuwahi bafu, ushindani utauelewa wapi?"

"Hilo sawa. Lakini Unyoya aliulizwa kama anataka kusubiriwa?"

"Anayehurumiwa haulizwi."

Akachokoa meno. Nikajua nimempata. Mwanangu alikuwa anachomoa uzi wa kochi. Nikamuuliza, "Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema kochi linaisha," akasema, akaenda kulala.

Jumanne, 19 Machi
Kazini tumeanika mashuka ndani, kamba juu ya kamba, tunapita tumeinama. Mwenzangu naye Kisigino anamjua, kwa ajili ya Njiti. Nikamweleza hoja yangu ya moyo. Akasema, "Mimi yule Unyoya nilimwonea uchungu. Alikimbia msimu mzima, halafu watu wakampigia makofi mwenzake."

Sikubishana. Nilijua anachotetea. Aliyezaa mwembamba humtetea mwembamba.

Ijumaa, 22 Machi
Kesho ni majaribio. Leo mwenzangu alikuwa kimya. Kasema usiku Njiti hakulala kwa hofu, wamekesha wanahesabiana vigae vya paa ili usingizi uje. Nimerudi na jambo hilo kifuani. Miaka tisa mtu anakushikia shuka, halafu mwanao amwaibishe mwanawe mbele ya shule nzima, Jumatatu mtatazamana vipi?

Na majaribio si kitu, mbio zenyewe ni fainali. Nikamwita mwanangu chumbani, nikafunga mlango ili mchambuzi asisikie.

"Kesho mwachie mwenzako," nikamwambia. "Hii moja tu. Aende nyumbani na cha kumwambia mama yake. Fainali utachukua chako."

Akanitazama sana. "Unataka nimwachie Njiti?"

"Kama Kisigino. Mshindani mkubwa haogopi kumsubiri mdogo."

"Na kama si mdogo?"

"Mwanangu, mimi nina macho."

Akatazama chini. "Haya, mama."

Mtoto mtiifu yule. Nimemwombea.

Jumamosi, 23 Machi
Njiti wa kwanza. Mwanangu wa pili, nyuma kwa hatua tatu. Nilikaa chini ya mwavuli na siri yangu kama nimekalia yai. Mwenzangu alilia, nikamkumbatia, nikawaza, laiti ungejua. Filimbi alipuliza kana kwamba kakimbia yeye.

Njiani nikamwambia mwanangu, "Leo umefanya utu uzima." Akasema, "Mama, tuyaache." Nikaona hata sifa hataki. Nimezaa mtu.

Jumatatu, 25 Machi
Mwenzangu kaimba siku nzima. Nimeimba naye, mimi ndiye niliyemnunulia wimbo.

Jumamosi, 30 Machi
Fainali imeahirishwa. Uwanja ni bwawa.

Jumatano, 3 Aprili
Mvua. Shemeji anasema msimu wa nne wa Kisigino unakuja. Nimemwambia na yeye akaanze msimu wa nne kwake.

Jumamosi, 6 Aprili
Imeahirishwa tena. Bata wa mlinzi wa shule wanaogelea pale panapoanziwa mbio. Filimbi kasimama kwenye ngazi na saa yake shingoni, anawatazama kama wamemtukana.

Alhamisi, 11 Aprili
Fainali haipo. Imefutwa. Shule ya bweni inataka jina ifikapo Jumanne, uwanja haujakauka wala hautakauka, Filimbi kachukua matokeo ya majaribio. Njiti.

Nilipoambiwa nilikuwa nimeshika beseni. Nimeliweka, nimelishika tena, sijui nilitaka kufanya nini nalo. Mimi. Kwa mdomo wangu huu. Mtoto alikuwa na nafasi mkononi, nikamwambia afungue mkono.

Mwanangu kaipokea kimya. Kala, kaosha sahani, kasema kesho ana jaribio la hesabu. Ule utulivu wake ndio uliniua. Shemeji naye kasema, "Saa imesema, shemeji." Saa. Mtu asiyejua hata jua linachomoza saa ngapi ananiambia habari za saa.

Ijumaa, 12 Aprili
Nimeomba ruhusa nikaenda kwa Filimbi. Ofisi yake ni stoo, mipira imelala kwenye wavu kama viazi sokoni.

"Mwalimu," nikasema, "yale majaribio hayakuwa ya haki. Mwanangu alimpisha mwenzake. Mimi ndiye niliyemtuma."

"Mama, saa haidanganyi."

"Saa yako inajua kama mtu amekimbia au amempisha mtu?"

Halafu akasema kuna njia moja. Mzazi wa mwenzake akikubali, wasichana wawili watarudia Jumatatu barabara ya nyuma ya shule, pale pana changarawe. "Lakini mama umwambie wewe mwenyewe. Mimi sitaki maneno." Ndevu anazo, filimbi anayo, cha kumwambia mwanamke mmoja hana.

Jumamosi, 13 Aprili
Nimemwambia.

Tulikuwa katikati ya shuka, tumelivuta, kila mtu na ncha zake. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri, ya upole, nikaanza na "mwenzangu, unajua mimi nawapenda." Nikamweleza, kwamba siku ile mwanangu angemshinda Njiti ila tulimwonea huruma. Kwamba nilitaka afurahi. Kwamba sikujua mvua ingefuta fainali.

Aliachia shuka.

Nilikuwa nimeegemea nyuma, na shuka likiachiwa upande mmoja hakuna cha kukushika. Nilikaa chini kwenye maji ya sakafuni, puu, shuka likanifunika kichwa. Wenzetu wakacheka, halafu wakaacha.

Nilipolitoa usoni alikuwa amesimama juu yangu.

"Nani alikuambia hatufiki?" akasema.

"Mwenzangu, si hivyo..."

"Mimi nilikukumbatia. Nililia begani kwako, na wewe umeniwekea hilo moyoni wiki tatu, unaimba na mimi. Unajua hiyo inaitwaje? Usiniambie huruma. Hiyo ni dharau, umeivika nguo safi."

"Basi nikuombe radhi."

"Radhi weka. Jumatatu wakimbie. Na wako aje na miguu yake yote, asije na ya kutupa sadaka."

Akaenda kukunja na msichana mgeni aliyeajiriwa juzi. Nimemaliza siku napiga pasi foronya peke yangu. Na bado niliwaza, hasira hizi ni za mtu anayejua atashindwa.

Jumapili, 14 Aprili
Lazima niyaandike haya, ingawa mkono hautaki.

Jana jioni nilimwambia mwanangu kwa furaha, "Jumatatu unarudia. Nimekutengenezea." Nilidhani atanirukia. Alikaa kitandani kama mtu aliyeambiwa msiba.

"Umemwambia nani?"

"Filimbi. Na mama yake Njiti. Wote wanajua kwamba ulimwachia."

Akafunika uso. Nikamshika bega akalitoa.

"Mama, sikumwachia."

"Nini?"

"Sikumwachia. Nilisema haya kwa sababu ulikuwa umeshaamua. Lakini nilipofika pale nikaona siwezi kumfanyia vile. Nilikimbia zote, mama. Mpaka nikaona nyota. Akanipita."

Nikamwambia labda uliteleza. Nikamwambia labda ulikuwa na homa, siku zile nilikuona macho mekundu. Nikamwambia hata asubuhi ile uji hukumaliza. Kila nililolisema alitikisa kichwa.

"Ananipita kila siku. Mazoezini pia. Muulize baba mdogo."

Baba mdogo ndiye huyu shemeji. Nikatoka sebuleni, akazima televisheni kabla sijasema, nikajua alikuwa anasikia. Aliingia chumbani kwake akarudi na kalenda ya mwaka jana. Nyuma yake pamejaa namba, siku kwa siku, mistari miwili miwili, wa Njiti na wa mwanangu. Mimi hutoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini nikimwacha anakoroma. Kumbe nikifunga mlango anavaa viatu. Mwaka mzima huwapeleka wale wasichana wawili barabara ya changarawe, anasimama na simu anapima.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ungeanza kuogopa magari, shemeji."

Ni kweli, ningeogopa magari.

"Na ulijua kwamba ananidanganya?"

"Hakukudanganya. Kanisimulia. Wewe ulisema umefanya utu uzima, yeye akasema tuyaache." Akakunja kalenda. "Tazama mistari. Mwaka jana Njiti alimwacha hatua ishirini. Sasa tatu. Hizo kumi na saba umemzaa nazo wewe au kazitafuta yeye?"

Safari hii hakuchokoa meno.

Nikarudi chumbani nikasema asubuhi nitakwenda kwa mwenzangu kufuta maneno yangu, mbio zisiwepo, aibu iwe yangu. Mwanangu akainuka. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Usiende. Nataka kukimbia."

"Lakini umesema anakupita."

"Ndiyo maana. Na usiniombee mbele yangu, mama, na usinishikie mwavuli."

Jumatatu, 15 Aprili
Manyunyu tu. Tulikuwa watu wanne barabarani, mimi, shemeji, Filimbi, na mwenzangu upande wa pili wa mtaro, amenipa ubavu. Wasichana waliongea kidogo wakifunga kamba za viatu. Nilimsikia Njiti anasema, "Ukinisubiri nakupiga." Mwanangu akasema, "Nikusubiri umekuwa basi?"

Filimbi kapuliza.

Mimi nimemtazama Njiti. Ni ajabu kusema, mwaka mzima nimemtaja na sijawahi kumtazama akikimbia, macho yangu huwa kwa wangu. Ile miguu haikanyagi chini, inaigusa na kuiacha, kama mtu anayekagua pasi kwa kidole. Mwanangu anaipiga barabara. Kwenye kona ya ukuta walikuwa sambamba, nikashika mkono wa shemeji bila kujua, na sijawahi kumshika hata kwa salamu. Hatua thelathini za mwisho sikuona nani ni nani. Halafu nikaona. Njiti, kwa hatua moja.

Mwanangu alivua kiatu akakirusha mtaroni. Akakaa kwenye changarawe akalia kwa sauti, kilio cha ghadhabu, kamasi zinatoka. Njiti akamnyooshea mkono, akaukataa. Nikataka kwenda, nikamfute, nikamwambia mbio si kitu. Shemeji akaninong'oneza, "Muache, shemeji. Usimnyang'anye na hili."

Nikamuacha. Ni kazi ngumu kuliko kufua. Njiti aliingia mtaroni akakitafuta kile kiatu, akakileta, akakiweka karibu yake. Mwanangu akakivaa. Akasema, kwa sauti ya puani, "Likizo ukirudi." Njiti akasema, "Barabara iko hapa."

Filimbi kaandika jina. Hakupuliza.

Jumanne, 16 Aprili
Mwanangu katoka na baba yake mdogo saa kumi na moja na nusu. Nimejua kwa sababu leo niliuliza. Nimewawekea chai kwenye chupa, na magari nimeyaogopa kimyakimya.

Kazini mwenzangu alikuwa ameshaanza na yule msichana mgeni. Nimesimama karibu na rundo. Nimesema nilichokuwa nacho, kifupi, maana kirefu kilishanitia majini.

"Mwanao kamshinda wangu mara zote mbili. Nilimdharau. Na wewe nilikudharau."

Akaendelea kukunja. Alipofika mwisho akamwambia msichana akalete foronya. Akachukua shuka jingine, akalikung'uta.

"Unadhani nimejua juzi?" akasema. "Miaka tisa unanivutia shuka taratibu kana kwamba nitakatika. Nilikuwa nasema moyoni, huyu ndivyo alivyolelewa."

Sikujua kwamba navuta taratibu. Naapa sikujua.

Akanirushia ncha mbili, akashika zake, akarudi nyuma mpaka shuka likainuka kati yetu.

"Vuta," akasema.

Nikavuta. Akavuta yeye, nusura aning'oe mabega.